Antivairasi yaiita gemu yangu kirusi: niamini ipi?

SWALI: Gemu niliyoinunua kwenye duka la mtandaoni la Steam na kuicheza tangu mwaka juzi imepata sasisho jana. Leo nikiifungua, Windows inasema imekuta "Trojan:Win32/Wacatac.B!ml", na faili la kuanzishia limetoweka. Nizime antivairasi nicheze?

JIBU: Usizime. Soma kwanza hilo jina. Herufi "!ml" za mwishoni zina maana kwamba Defender, antivairasi ya Windows yenyewe, haikukuta kirusi inachokijua; mfumo uliofunzwa kwa mifano mingi umekisia tu kwamba faili hilo linafanana na virusi. Antivairasi nyingine huandika "Gen" au "Heur" kwa makisio ya namna hiyo.

Gemu huponzwa na jinsi zilivyoundwa. Mafaili yake hubanwa kwa zana kama UPX au hukingwa kwa VMProtect yasichokonolewe, na waandishi wa virusi nao hutumia zana hizo hizo. Mifumo ya kuzuia udanganyifu huchungulia kumbukumbu ya programu nyingine, jambo ambalo virusi pia hufanya. Gemu za watengenezaji wadogo zilizofungashwa kwa PyInstaller, zana ya kufungasha programu za Python, hukamatwa mara nyingi mno. Yako ina sababu ya ziada: sasisho la jana limezaa faili jipya ambalo karibu hakuna kompyuta iliyokwisha kuliona.

Fungua Windows Security, "Virus & threat protection", kisha "Protection history", ubofye tukio lenyewe na kutazama faili lilikuwa wapi. Likiwa ndani ya folda ya gemu chini ya steamapps\common, huenda ni kosa la kukisia. Likiwa ndani ya Temp au AppData, huenda halitokani na gemu. Yaelekea kuna kitu kingine kimeingia, na hapo uiache antivairasi ifanye kazi yake.

Tuseme limo ndani ya folda ya gemu. Nenda "Protection updates", bonyeza "Check for updates", kwani makosa ya aina hii hurekebishwa kwa sasisho la orodha ya virusi. Kisha ndani ya Steam bofya gemu kwa kitufe cha kulia cha kipanya, "Properties", "Installed Files", "Verify integrity of game files". Steam italipakua upya faili lililokosekana. Lisipokamatwa tena, kazi imekwisha.

Likikamatwa tena, itabidi uliruhusu kwa muda ili ulikague. Kuna kikwazo kidogo hapa: huwezi kuchagua faili ambalo halipo kwenye diski. Kwa hiyo, katika "Manage settings", "Add or remove exclusions", ingiza kwanza folda ya gemu hiyo moja, halafu rudi "Protection history" na ulirudishe faili kwa "Restore". Usilifungue bado. Fungua PowerShell, dirisha la Windows la kuandikia amri, andika Get-FileHash, acha nafasi, kisha weka njia ya faili ndani ya alama za kunukuu. Utapata herufi na tarakimu 64, ambazo ni kama alama ya kidole ya faili hilo. Zibandike kwenye kisanduku cha kutafutia cha tovuti ya VirusTotal, ambayo hulinganisha majibu ya antivairasi zaidi ya 70. Mbili tatu zikilalamika kwa majina ya kukisia na nyingine zikanyamaza, yaelekea ni kosa. Ishirini zikitaja kirusi cha ukoo mmoja, futa faili na uondoe ruhusa. VirusTotal isipolijua kabisa, lipakie lenyewe, mradi halizidi MB 650.

Kununua dukani si kinga kamili. Februari 2025 Valve, kampuni yenye Steam, iliiondoa dukani humo gemu iitwayo PirateFi kwa sababu ilibeba programu hasidi, ikawashauri walioicheza wafikirie hata kufuta mfumo mzima na kuuweka upya.

Ukiridhika, ondoa ruhusa ya folda na uruhusu faili hilo moja tu. Wako wanaoruhusu steamapps nzima ili wasisumbuliwe. Huo ni uvivu wa hatari, maana chochote kitakachotua humo hakitakaguliwa. Litume pia faili kwa Microsoft kupitia ukurasa wao wa kuwasilisha mafaili, ukieleza kwamba limekamatwa kimakosa. Wakishathibitisha kwamba ni salama, futa ruhusa.

SWALI: Gemu yangu inafunguka vizuri ila haihifadhi nilipofika. Sioni onyo lolote la kirusi.

JIBU: Tazama kama "Controlled folder access" imewashwa ndani ya Windows Security, chini ya "Ransomware protection". Hiyo huzuia programu isiyoijua kuandika ndani ya Documents, na gemu nyingi huhifadhi humo. Bonyeza "Allow an app through Controlled folder access", "Add an allowed app", kisha "Recently blocked apps". Gemu yako itakuwa kwenye orodha.

SWALI: Nimepakua gemu ya kulipia iliyovunjwa ulinzi. Maelekezo yanasema nizime antivairasi kwanza. Ni salama?

JIBU: La. Aliyeivunja amekwisha kubadilisha faili, kwa hiyo huna faili halisi la kulinganisha nalo, na vipimo vya hapo juu havikusaidii sana. Kama umeshaifungua, washa ulinzi, katisha intaneti, nenda "Scan options" na uchague ukaguzi wa Defender wa nje ya mtandao. Kompyuta itajiwasha upya na kukagua kwa takribani dakika 15. Nywila zako zibadilishe ukitumia kifaa kingine, ukianza na ya barua pepe.