Muulize Fundi wa Video: Kwenye VLC inateleza, kwenye kuediti inagoma

SWALI: Kamwene fundi. Niko Mafinga, nashuti sendofu na harusi. Mwezi uliopita nimechukua sendofu moja kwa simu mbili kali, 4K, nikifungua kwa VLC ya kuchezea video inateleza tu, ila nikiiweka Premiere ya kuediti inakwama, sauti inasonga picha imeganda, bibi harusi kashika kipande cha keki hakifiki mdomoni, na feni inalia kama mashine ya kupasulia mbao. Laptopu ni Core i5 kizazi cha 6, RAM 8. Dukani wananiambia niongeze RAM, laki na ushee. Niongeze?

JIBU: Kamwene. Hiyo laki kaa nayo kwanza. Mimi nilishaongeza RAM kwa kisa kama hicho, kesho yake video ya kipaimara ikakwama palepale kwa sekunde ileile, nikabaki naiangalia.

Watu wanasema "faili langu ni mp4" wakidhani wamemaliza. Mp4 ni gunia tu, kilichofungwa ndani ndio kodeki, yaani namna video ilivyobanwa, na simu nyingi za siku hizi zinajaza H.265, ile ya 2013 iliyokuja kumpokea H.264 wa 2003. H.265 ni lumbesa hasa, video ileile inaingia kwenye karibu nusu ya nafasi, msafirishaji anafurahi, ila anayefungua gunia ndio anajua. Inabana hivi: inahifadhi fremu moja nzima, yaani picha moja kamili, zinazofuata inaandika tu kilichobadilika, mkono umesogea, keki imepanda. VLC inatembea mbele kwa mpangilio kwahiyo haioni shida. Wewe unayeediti unaruka, unarudi, unakata katikati, na kila ukiweka kishale mahali kompyuta inarudi mpaka fremu nzima ya nyuma ianze kukokotoa tena hadi hapo ulipo, na ukipanga simu mbili kwenye taimulaini moja inafanya hivyo mara mbili. RAM haina kosa hapo.

Halafu prosesa yenyewe. Kizazi cha 6 cha Intel kina sehemu maalumu ya kufungulia H.265 ya biti 8 (biti ni wingi wa rangi kwenye picha), ya biti 10 ilikuja kukaa sawa kizazi cha 7. Simu ikiwashwa HDR, ile ya kuongeza mwanga na rangi, inarekodi biti 10, yaani hiyo i5 yako inabeba mzigo kichwani bila kata. Zima HDR kabla ya sherehe ijayo, na kwa taa za ukumbini zile za rangi rangi wala hutaimiss.

Hiyo uliyoshashuti itengenezee proksi, yaani nakala nyepesi ya kuedita nayo. Kwenye Premiere bofya kulia juu ya klipu, ingia Proxy, kisha Create Proxies, chagua ya ProRes, kodeki ya kuediti isiyobana sana. Usishtuke ukiona faili limevimba, ProRes Proxy ya 1080 kwa fremu 25 inakula kama megabiti 38 kwa sekunde, saa nzima ni gigabaiti 17 hivi, lakini kila fremu inajitegemea kwahiyo laptopu inapumua. Weka kwenye diski ya ndani, SSD kama unayo, flashi hapana. Iachie usiku ukalale na baridi lenu hilo, uombe tu umeme usikatike. Wakati wa kutoa video Premiere inarudi yenyewe kwenye faili za asili, hivyo usizifute, maana nimeshapokea mtu hapa Mwanjelwa kafuta za asili kabakiwa na proksi na mwenye harusi anapiga simu kila baada ya nusu saa. Toa kwa H.264, 1080, wataiangalia kwenye WhatsApp hata hivyo.

SWALI: Fundi shikamoo, kwaya yetu Tukuyu tumerekodi kwa simu ibada nzima, mwanzo midomo na sauti viko sawa, ikifika dakika ya 20 mwimbaji anafunga mdomo ndio sauti inatoka. Tatizo spika?

JIBU: Marahaba. Spika haihusiki. Simu haishiki idadi moja ya fremu, na kanisani mvua ikinyesha pakiwa giza inapunguza fremu ili ipate mwanga, mwanga ukirudi inapandisha, na programu ya kuediti inahesabu kana kwamba ni fremu 30 kwa sekunde mwanzo mwisho. Pitisha faili kwenye HandBrake, programu ya bure ya kugeuza video, sehemu ya Video weka 30 na uchague Constant Framerate, ndio uanze kuediti. Ukianza kuisukuma sauti kwa mkono kila wimbo mtafika Pasaka.

SWALI: Mwanafunzi, Iringa. Naediti kwa DaVinci Resolve ya bure kwenye Ubuntu (Linux), kila mp4 inaleta jekundu, Media Offline. Faili zimeharibika?

JIBU: Nzima kabisa. Resolve ya bure kwenye Linux haifungui H.264 wala H.265, na sauti ya AAC, inayokuja na mp4 nyingi, nayo haiitaki. Geuza kwa ffmpeg, programu ya kugeuza video, kwenda DNxHR, kodeki ya kuediti, sauti PCM isiyobanwa, kwenye gunia la mov. Au iweke Windows pembeni kama diski inaruhusu.