Waya za meno: za kipimo chako au za kawaida?

Dada, umeuliza kama ulipie zaidi binti yako atengenezewe breketi (vile vipande vidogo vinavyogundishwa kwenye meno kushika waya) za kipimo chake, au zile zinazokuja tayari zinatosha. Mimi ningechukua za kawaida. Hizo zimeshachongwa kwa mwinamo wa jino la wastani, mfumo alioleta Lawrence Andrews wa Marekani miaka ya 1970. Jino likitofautiana na wastani, daktari hukunja waya kidogo.

Za kipimo huanza na skani ya kinywa, meno yanapangwa kwanza kwenye kompyuta, ndipo breketi zinatengenezwa. Inavutia, nakubali. Lakini utafiti wa Uholanzi uliochapishwa 2017, wagonjwa wakigawanywa kwa bahati nasibu, ulikuta muda wa matibabu haukupungua, na za kipimo zilibanduka mara nyingi zaidi. Halafu moja ikipotea, mpaka iagizwe nyingine.

Za kubandikwa upande wa ulimi ni habari nyingine: huko nyuma maumbo ya meno yanatofautiana sana, kipimo kinasaidia kweli.

Hakikisha tu daktari ni bingwa wa kupanga meno, na pesa itakayobaki uitenge kwa kifaa cha kushikilia meno baada ya waya kutolewa. Bila hicho meno hurudi yalikotoka.