Kampuni hii ni endelevu kweli? Maswali na majibu

Ripoti ya uendelevu ina kurasa 120. Nianzie wapi?

Anzia nyuma, kwenye majedwali. Tafuta gesijoto, yaani gesi zinazoongeza joto duniani, kwa makundi matatu ya GHG Protocol, mwongozo wa kimataifa wa kuzihesabu. Kundi la 1 ni mafuta ambayo kampuni inayachoma yenyewe. La 2 ni umeme inaonunua. La 3 ni yote yanayotokea nje ya uzio wake, tangu malighafi hadi bidhaa inapotupwa. Kundi la 3 lina vipengele 15, na kwa kampuni nyingi ndilo lenye mzigo mkubwa kuliko yote. Mtengenezaji wa magari ya petroli anaweza kuendesha kiwanda chote kwa umeme wa jua, lakini moshi wa magari aliyouza unabaki kwenye Kundi la 3, kipengele cha 11: matumizi ya bidhaa zilizouzwa. Kipengele kikiachwa bila sababu kuandikwa, tia shaka.

Wanasema wamepunguza uchafuzi kwa asilimia 15. Niamini?

Uliza kwanza: asilimia 15 ya nini? Tuseme kiwanda kilitoa tani 100,000 za gesijoto kwa kutengeneza bidhaa milioni 1, yaani kilo 100 kwa kila bidhaa. Sasa ni kilo 85, ila bidhaa zimefika milioni 1.3. Jumla ni tani 110,500. Tangazo halina uongo, na angani zimeongezeka tani 10,500.

Kisha kagua mwaka wa msingi, yaani mwaka ambao miaka mingine hulinganishwa nao. Ukichaguliwa mwaka ambao uchafuzi ulipanda kupita kawaida, kila mwaka unaofuata utapendeza. Na kampuni ikiuza kiwanda kichafu, tani zake zinahamia kwa mnunuzi bila hata gramu moja kupungua. Ndiyo maana mauzo makubwa ya namna hiyo yanapaswa kufuatwa na kukokotoa upya mwaka wa msingi. Hapa ndipo wasomaji wengi wanapodanganyika.

Kundi la 2 lina tarakimu mbili tofauti. Ipi ni sahihi?

Zote. Moja hufuata gridi inayoleta umeme, nyingine hufuata mikataba na vyeti vya umeme safi vilivyonunuliwa. Ya pili ikiwa sifuri na ya kwanza haijasogea, huenda kampuni imenunua vyeti tu bila kubadili matumizi yake ya umeme.

Cheti cha ISO 14001 kinatosha?

Hakitoshi. Kinathibitisha kwamba upo mfumo wa kusimamia mazingira, si kwamba uchafuzi ni mdogo.

Mkaguzi wa nje amesaini. Je, hapo?

Soma aina ya uhakikisho. Ule finyu huandikwa kwa kukanusha: hatukuona jambo la kutufanya tuamini kuna kosa kubwa. Ule wa kiwango cha juu hutamka kwamba takwimu ziko sawa, na kazi yake ni kubwa zaidi. Angalia pia ni takwimu zipi zilizokaguliwa. Mara nyingi Kundi la 3 halimo.

Wameahidi kufikisha uchafuzi sifuri ifikapo 2050.

Dai lengo la miaka 5 hadi 10. Katika njia ya SBTi, taasisi inayopima malengo ya kampuni, ya kuzuia joto la dunia lisipande zaidi ya nyuzi 1.5, Makundi ya 1 na 2 hupungua kwa angalau asilimia 4.2 ya mwaka wa msingi kila mwaka, na kununua hati za hewa ukaa iliyopunguzwa na wengine hakuhesabiwi. Halafu fungua bajeti ya uwekezaji. Tanuri la makaa ya mawe linalojengwa leo limekusudiwa kuwaka kwa miongo kadhaa, ahadi isemeje.