Moduli ya saa haimsaidii anayeirudisha nyuma kila asubuhi

Wadogo zetu mliokuja mafunzo kwa vitendo, karibuni. Kwenye logi (rekodi za vifaa) zenu kuna paneli ya sola iliyozalisha umeme saa kumi usiku, na hakuna aliyeshtuka. Kila kundi hutuletea paneli ya namna hiyo, kwa hiyo tuyamalize haya ya saa za vifaa kwa maandishi.

1. Msianze kwa kuuliza "bodi hii inataka RTC (moduli ya saa yenye betri)?" Ulizeni hivi: umeme ukikatika, ukarudi, na mtandao haupo, je, kifaa lazima kijue ni saa ngapi? Kinachohesabu muda tu, mathalani pampu ya dakika kumi kila baada ya saa mbili, kinatosheka na millis(), kihesabu cha milisekunde cha Arduino tangu bodi iwake. Inarudi sifuri baada ya takriban siku 49.7, kwa hiyo andikeni `sasa - mwanzo >= muda` na hesabu itabaki sawa. Kinachokaa mtandaoni saa zote kinatosheka na NTP, huduma ya kuchukua saa mtandaoni. Kirekodi data cha shambani, mlango wa kadi, seva ya shule isiyo na intaneti: wekeni saa yenye betri, tusibishane.

2. Kompyuta ndogo ya Raspberry Pi, tangu ya kwanza hadi ya 4, haina saa yenye betri. Pi 5 inayo, ila betri mnanunua wenyewe. Kinachowapumbaza ni programu ya Pi iitwayo fake-hwclock. Huandika saa kwenye faili kila baada ya saa moja na wakati wa kuzima, kisha huirudisha Pi inapowaka. Umeme ukikatika saa tatu usiku na kurudi saa moja asubuhi, Pi inaamka ikiamini ni saa tatu usiku, au hata kabla ya hapo. Tarehe ni ya juzijuzi, inaaminika, mnapita. Afadhali mwaka 1970, huo kila mtu anauona. Saa ikiwa nyuma sana, HTTPS (tovuti salama) nayo inagoma kwa sababu cheti cha tovuti "bado hakijaanza kutumika", kwa hiyo programu inayochukua saa kwa HTTPS inabaki imekwama. NTP haina shida hiyo, mradi bandari ya UDP 123 haijafungwa na mwenye mtandao.

3. Sasa hili, na someni polepole. Mfano wa programu ya DS3231 (chipu ya RTC) ndani ya RTClib, maktaba ya Arduino, una mstari `rtc.adjust(DateTime(F(__DATE__), F(__TIME__)))`. Upo mara mbili: mmoja ndani ya `if (rtc.lostPower())`, yaani saa ikiwa imepoteza umeme wote, mwingine chini yake umefungwa kwa mikwaju miwili (//) usifanye kazi. Kijana anataka kurekebisha saa, anaifuta ile mikwaju, anapakia programu, saa inakaa sawa. Anasahau kuirudisha. Tangu hapo, kila kifaa kinapowaka kinarudishwa kwenye dakika ile programu ilipokompailiwa (ilipogeuzwa kuwa lugha ya mashine). Betri nzima, moduli nzima, solda safi, na saa ni ya uongo.

Mezani kosa hili halionekani, na hapo ndipo ubaya wake ulipo. Umekompaili sasa hivi, kwa hiyo dakika ya kukompaili na dakika ya kweli zinakaribiana. Arduino Uno yenyewe hujiwasha upya unapofungua Serial Monitor (dirisha la kusoma ujumbe wa bodi), yaani kitendo chenyewe cha kukagua saa kinairudisha nyuma, nawe unaona tofauti ya sekunde chache na kusema "ni ucheleweshaji wa kupakia". Kifaa kinaenda shambani. Umeme unakatika mara nne kwa wiki. Kadi ya SD inarudi na siku nne zinazoanza zote tarehe 3, saa nne na dakika 12 asubuhi, zimelaliana. Mtu akiipeleka kwenye jedwali na kuipanga kwa tarehe, basi tena: mpangilio wa mistari, ushahidi pekee uliobaki, umevurugwa. Hata kabla ya hapo, muda ambao kifaa kilikuwa kimezimwa haurudi kwa hesabu yoyote.

Na msidhani `lostPower()` pekee imewaokoa. Betri ikifa mwakani, sharti hilo litatimia na saa itarudi kimyakimya kwenye siku ya kukompaili. Kwenye kifaa kilichokwisha kufungwa, `lostPower()` iwashe taa nyekundu na iandike "saa haijulikani" kwenye logi. Saa iwekwe na mtu, au NTP, au GPS. Kila mstari wa logi uwe na namba ya kuwashwa na sekunde tangu kuwaka. Ni baiti chache tu.

4. Moduli ya buluu ya ZS-042, inayobeba DS3231, ina saketi ya kuchaji, iliyokusudiwa LIR2032, betri inayochajika. Mkiweka CR2032 na kuipa volti 5, mnachaji betri isiyochajika. Ng'oeni rezista iliyoandikwa 201 iliyo karibu na daiodi ya kioo, au tumieni volti 3.3. Kwenye Pi ni 3.3 tu, kwani rezista za I2C (nyaya za mawasiliano) hufuata VCC, yaani umeme unaoilisha moduli.

5. DS3231 na MPU6050 (kihisi mwendo) zote zina anwani moja ya I2C, 0x68, zitagongana. Pandisheni pini ya AD0 ya MPU6050, ihamie 0x69.

6. DS1307, chipu nyingine ya saa, ni rahisi kwa bei, lakini huweza kupotea dakika kumi au zaidi kwa mwaka. DS3231SN ni ±2 ppm (sehemu mbili kwa milioni) kati ya nyuzi joto 0 na 40, kama dakika moja kwa mwaka.

7. Ndani ya RTC wekeni UTC, saa ya dunia, iliyo nyuma ya yetu kwa saa tatu. `__TIME__` ni saa ya kompyuta yenu, NTP ni UTC, na tofauti hiyo ndiyo iliyowapa ile sola ya usiku.

8. Kwenye Pi: `dtoverlay=i2c-rtc,ds3231` ndani ya /boot/firmware/config.txt, washa upya, `i2cdetect -y 1` ionyeshe UU (Pi imeishika RTC) penye 68, ondoa fake-hwclock, hakikisha `date` ni sahihi, kisha `sudo hwclock -w` kuiandika saa hiyo kwenye RTC.

9. Kujaribu: chomoa umeme, chomoa mtandao, subiri robo saa, washa, soma saa. Kitufe cha reset si jaribio, hakikati umeme wa moduli.