Barua kwa binti yangu: maandishi yaliyobaki nje ya Biblia

Mwanangu,

Tumsifu Yesu Kristo. Huku hatujambo. Mama yako anauliza kama ule mchele umekufikia.

Umeniandikia kwamba mmebishana na wenzako chuoni, mmoja akashikilia kwamba Kanisa la mwanzo lilikuwa na vitabu vingine likavificha, nawe unataka kujua kama ni kweli. Mwenzako amechanganya mambo mawili. Yapo maandishi ambayo Kanisa liliyakataa, kama Injili ya Tomaso. Hayo tuyaache kwa leo. Na yapo maandishi ya watakatifu wa mwanzo, ambayo hayakuingia kwenye Biblia lakini yalipendwa na kusomwa. Mwaka 367 Mtakatifu Athanasi, askofu wa Aleksandria, alitoa barua ya Pasaka akataja vitabu 27 vya Agano Jipya, hivihivi tulivyo navyo. Katika barua hiyohiyo akasema Didake (maana yake Mafundisho, yaani ya Mitume) na kitabu kiitwacho Mchungaji wa Herma havimo kwenye orodha, ila wanaoingia katika imani wasomewe. Sasa niambie, nani anaficha kitabu kwa kuwasomea wakatekumeni?

Kwa nini basi vikaachwa nje? Mtakatifu Inyasi wa Antiokia anakujibu vizuri kuliko mimi. Mwanzoni mwa karne ya pili alikamatwa akapelekwa Roma kuuawa na wanyama, akilindwa na askari kumi ambao yeye anawaita chui. Njiani aliandika barua saba, nne akiwa Smirna na tatu akiwa Troa, miji ya Uturuki ya leo. Akiwaandikia Wakristo wa Roma anasema hawaamuru kama Petro na Paulo: wao walikuwa mitume, yeye ni mfungwa. Basi. Mpaka huo kati ya mitume na waliowafuata waliujua wenyewe kabla haujawekwa kwenye orodha yoyote.

Didake ndiyo itakayokuchekesha. Ni kijitabu kifupi, wengi wanakiweka karibu na mwisho wa karne ya kwanza, na kwa karne nyingi hakikuonekana mpaka msomi Mgiriki, Filoteo Bryennios, alipokikuta Konstantinopoli mwaka 1873 ndani ya kitabu kilichonakiliwa kwa mkono mwaka 1056. Kinaeleza mambo ya kila siku: ubatizo uwe kwa maji yanayotiririka, yakikosekana, maji mengine, na hayo nayo yakikosekana mmiminie mtu kichwani mara tatu, kufunga ni Jumatano na Ijumaa. Halafu fika sura ya 11, habari za mitume na manabii wanaozunguka. Mmoja wao akija kwenu, mpokeeni. Akikaa siku tatu, huyo ni nabii wa uongo. Akiagiza chakula "katika roho" kisha akakila yeye, wa uongo. Akiomba fedha, wa uongo. Haya yaliandikwa zamani hizo, wala hawakuwahi kuona mabango yetu ya barabarani.

Lakini ninayemrudia mara kwa mara ni shahidi Perpetua. Aliuawa Karthago, Tunisia ya leo, mwaka 203, akiwa na miaka kama 22 na mtoto anayenyonya. Sehemu kubwa ya habari zake aliiandika mwenyewe gerezani, na maandishi ya mwanamke wa zama zile kutufikia ni jambo la nadra. Baba yake hakuwa Mkristo. Alipomsihi aikane imani, Perpetua alimwonyesha chombo kilichokuwa hapo, akamwuliza kama kinaweza kuitwa jina lingine. Baba akasema hapana. "Nami siwezi kujiita kitu kingine zaidi ya nilivyo, Mkristo." Mzee akamrukia kama mtu anayetaka kumng'oa macho. Baadaye akarudi amelainika, anambusu mikono, anajitupa miguuni pake, anamwomba azihurumie mvi zake, hamwiti tena binti bali bibi. Siku ya hukumu liwali Hilariano akaamuru mzee apigwe fimbo, na Perpetua anaandika kwamba ilimwuma kana kwamba amepigwa yeye.

Mahubiri mengi humtaja yule baba kama kikwazo tu. Mimi siwezi. Binti yake mwenyewe hakumwandika hivyo.

Mtumwa Felisita, mwenzake, alijifungua gerezani, na mtoto akalelewa na dada mmoja wa kanisa. Majina yao utayasikia wote wawili kwenye Sala ya Ekaristi ya kwanza, padre akiamua kuisali yote bila kufupisha. Mtakatifu Augustino, askofu Mwafrika kama wao, alihubiri juu yao kwenye sikukuu yao, lakini mahali pengine akakumbusha wazi kwamba kitabu cha mateso yao si Maandiko Matakatifu. Aliwapenda na bado akaweka mpaka.

Anza na Perpetua, kisha Inyasi kwa Warumi. Barua ya Klementi kwa Wakorinto, nayo ya zama hizo, ni ndefu, uisome likizo. Barua iitwayo ya Barnaba ina mafumbo mengi ya wanyama najisi, usianze nayo. Didake utaimaliza jioni moja, na ile sura ya 11 uipige picha umtumie shangazi yako kabla hajatuma sadaka nyingine kwa yule nabii wake wa kwenye simu.

Baba yako