Volti zikishuka, usikimbilie gavana

Wadogo zangu mnaoanza kazi ya jenereta, wengi mnakuja mkiwa tayari mnaijua injini. Nozeli, pampu, chujio, hayo hayawasumbui. Shida inaanzia kule nyuma kwenye shaba, na ndiko umeme unakotoka. Nami nilianza hivyo hivyo.

Mwaka wangu wa kwanza nilipanda boti Kirumba, hapa Mwanza, kwenda kisiwani, kwa mama mmoja mwenye mtambo wa barafu. Jenereta ilikuwa inatoa volti 190 badala ya 230. Nikakaza gavana, kile kifaa kinachodhibiti mwendo wa injini, injini ikaongeza mwendo, volti zikapanda mpaka nikaridhika. Kabla ya jua kuzama mota ya kompresa ilikuwa imeungua na sangara wa siku mbili wameharibika. Uso wa yule mama ninao mpaka leo.

Kosa langu lilikuwa kudhani mwendo na volti ni kitu kimoja. Shikeni hili: rota ni sumaku inayozunguka katikati ya steta, sehemu isiyozunguka yenye koili za waya wa shaba. Ncha ya kaskazini ikipita mbele ya waya, umeme unasukumwa upande mmoja. Ya kusini ikifuata, unasukumwa upande wa pili. Faraday alionyesha mwaka 1831 kwamba sumaku ikitembea karibu na waya huzaa umeme, na mashine zetu zote zimesimama hapo. Umeme wetu ni wa hezi 50, yaani kila sekunde huenda na kurudi mara 50. Rota ya ncha mbili lazima izunguke mara 3,000 kwa dakika; ya ncha nne, mara 1,500. Hata maji ya ziwa letu la Victoria, yanayozungusha mitambo ya umeme kule Jinja, Uganda, tangu 1954, yanafuata hesabu hiyo hiyo. Mitambo ya maji huenda polepole, kwa hiyo hupewa ncha nyingi: mizunguko 150 kwa dakika inadai ncha 40.

Basi gavana analinda hezi. Volti zina mlinzi wake, AVR, kifaa cha kurekebisha volti: inapima umeme unaotoka, kisha inaongeza au kupunguza nguvu ya sumaku ya rota. Ile ya kisiwani AVR ndiyo iliyokufa. Nami nikaikimbiza mashine ya ncha nne mpaka mizunguko 1,700, hezi karibu 57, mota ikalazimika kukimbia kupita uwezo wake.

Kwa hiyo pimeni hezi kwanza. Zikiwa 50 na volti ziko chini, acheni injini, nendeni kwenye AVR, kaboni (vile vipande vinavyopeleka umeme kwenye rota inayozunguka) na koili.

Zoezeni na masikio pia. Friji kubwa ikiwaka, injini hubadilisha sauti. Umeme unaopita kwenye steta hutengeneza sumaku yake inayoikaba rota, na injini lazima inywe dizeli zaidi ili isishuke. Ukiielewa sauti hiyo, utajua mzigo umezidi kabla mita haijakuambia.

Na kabla ya kugusa waya wowote, zima injini na uchomoe terminali ya betri. Jenereta nyingi za mahotelini na hospitalini hapa mjini hujiwasha zenyewe umeme ukikatika, hata kama mkono wako uko ndani.