Mgonjwa wa Covid ana oksijeni asilimia 88, hata kama hatweti: mpeleke hospitali leo

Usingoje mzee ahangaike kupumua ndipo umpeleke. Covid hushusha oksijeni kimyakimya, mtu anakunywa chai na kupiga soga kama kawaida. Mimi nililazwa hapa Nairobi 2021. Nilifika kwa miguu yangu, nesi akanibana kidoleni kile kidude cha kupima oksijeni ya damu, kikasoma 86. Akajaribu kidole kingine, kisha akaleta kiti cha magurudumu, nami nikawa natazama nyuma nione kimeletewa nani.

Kwa WHO (Shirika la Afya Duniani), mtu mzima mwenye Covid oksijeni ikiwa chini ya 90 huo ni ugonjwa mkali. Ikiwa 90 hadi 94, ongea na daktari siku hiyo hiyo. Mhesabie pia pumzi dakika nzima akiwa ametulia. Zikizidi 30, twende. Akichanganyikiwa, akiwa na usingizi usioamshika, kifua kikimbana bila kuachia au midomo ikibadilika rangi (kwa ngozi zetu angalia ulimi na fizi), achana na vipimo, tafuta gari.

Ila kabla ya kupima, futa rangi ya kucha na upashe vidole joto, vikiwa baridi kidude kinadanganya. Kwenye ngozi nyeusi wakati mwingine husoma juu kuliko hali halisi. Na asikuambie mtu oksijeni imeshuka kwa sababu ya mwinuko wa Nairobi: mita 1,700 na ushei hupunguza pointi chache tu kwa mtu mzima wa afya, hazimfikishi 88.